Mbao ya spika haitakiwi kuimba

Kwaya moja ya hapa Mwanza ilichanga hela miezi minane ili itengeneze maboksi manne ya spika. Spika zenyewe, zile duara zenye karatasi nyeusi, walishanunua. Kilichobaki ni boksi, na kikao cha boksi kilivunjika kwa sababu ya mbao. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye kitanda cha mninga tangu mwaka aliooa, alisimama akasema: "Mninga una sauti. Ukiugonga unalia. Hayo mengine ni makaratasi." Vijana wa vyombo wakataka MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mti. Mama mweka hazina akataka chochote kisichozidi hela iliyopo. Mwishowe nikaitwa mimi, nadhani kwa sababu nimeshaharibu maboksi mengi kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale.

Mzee alikuwa na haki kwa jambo moja: mninga unalia kweli. Ila kwa boksi la spika, kulia huko ndiko tunakokukimbia.

Ubishi wenyewe si wa kanisani peke yake. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme katikati ya mji, uliza bei ya sabufa, na kabla hujajibiwa muuzaji ataigonga ubavuni kwa kidole: "Sikia hiyo, bosi. Mbao hii, siyo plastiki." Tunaitikia kwa kichwa kana kwamba tumesikia kitu. Wengi wetu hatujui hata tunatakiwa tusikie nini.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Nikisema spika nina maana ya kile kifaa cha duara chenyewe: sumaku nyuma, koili ya waya ndani ya sumaku, koni ya karatasi au plastiki mbele. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inafuata, hewa inasukumwa, wewe unasikia. Boksi ni nyumba ya hiyo spika. Mtetemo ni kule kwenda na kurudi, na idadi yake kwa sekunde moja tunaihesabu kwa hezi. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema kama hezi 41. Mwanaume akizungumza, sauti yake huanzia kati ya hezi 85 na 180 hivi. Matoazi na kayamba hupanda hadi maelfu.

Sasa fanya jaribio la bure. Ng'oa spika kwenye redio mbovu, iunge kwenye amplifaya, piga wimbo wenye besi. Utasikia kitu chembamba, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Halafu chukua katoni, toboa tundu la ukubwa wa koni, ibane spika kwenye tundu hilo. Besi inatokea. Spika ni ileile, umeme ni uleule, umeongeza karatasi tu.

Kilichotokea ni hiki. Koni ikienda mbele, hewa ya mbele inabanwa, na ya nyuma inaachiwa nafasi. Hewa si mjinga: iliyobanwa inazunguka ukingo wa koni na kwenda kujaza pengo la nyuma, na sauti inajifuta yenyewe. Ni kama kusukuma maji ya beseni kwa kiganja kimoja. Maji yanapita pembeni ya kiganja, yanarudi nyuma yake, na wimbi la maana halitoki. Sauti za juu haziathiriki sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Besi ndiyo inayoumia. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Hiyo ni zaidi ya Hiace nzima, mbele hadi nyuma. Mbele ya wimbi kubwa kiasi hicho, koni ya inchi 12 ni kijiti tu ziwani.

Basi kazi ya kwanza ya boksi ni kuwa ukuta, ili hewa ya nyuma isikutane na ya mbele. Kwa kazi hiyo mti wa aina gani si hoja. Chungu kingeweza. Wapo watu waliojenga maboksi ya zege na yanapiga vizuri sana. Taabu ni siku ya kuhama.

Mbao inaingia kwenye hesabu hatua ya pili. Hewa iliyofungiwa ndani haikubali kukaa kimya. Kila koni inaporudi nyuma, hewa hiyo inasukuma kuta zote za boksi: ubavu, mgongo, juu, chini. Ukuta ukiwa mwembamba unatikisika, na ukuta unaotikisika nao ni spika. Ni spika kubwa, yenye eneo mara kadhaa ya koni, ambayo hakuna aliyeiomba ipige. Ubaya ni kwamba haiigi wimbo. Kila kitu kigumu kina mlio wake wa asili, ule unaotoka ukikigonga: sufuria ina wake, bati lina wake, ubavu wa boksi una wake. Nota ya wimbo ikikutana na mlio huo, ubavu unadakia na kuendelea kuvuma hata baada ya nota kuisha. Kwenye maboksi ya kawaida jambo hili hutokea sana kati ya hezi 100 na mia kadhaa hivi, yaani palepale anapozungumzia mchungaji na anapoimbia mtu wa sauti ya nne. Ndiyo maana kwenye spika mbaya mahubiri yanasikika kama mtu anazungumza akiwa ndani ya pipa.

Kwa hiyo tunapochagua ubao wa boksi tunauliza mambo matatu. Una uzito kiasi gani, maana kizito ni kigumu kukitikisa. Ni mkakamavu kiasi gani, yaani unagoma kupinda. Na la tatu, ambalo watu hulisahau: ukishatikiswa, unanyamaza haraka kiasi gani? Gonga kengele, inalia hadi unachoka kusubiri. Piga ngumi gunia la dagaa, unasikia "pu" na basi. Tunataka ubao wenye ukakamavu wa kengele na tabia ya gunia la dagaa. Vitu hivyo viwili havipendani, na ndiyo maana maseremala bado wanabishana.

Sasa tuziweke mbao zenyewe mezani.

Mninga mkavu una uzito wa kama kilo 600 hadi 700 kwa mita moja ya ujazo. MDF, ile "karatasi" ya mzee, ina kilo 700 hadi 800. Nilipoyasema haya kwenye kikao kulikuwa na kimya fulani. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto. Haina jicho, haina mkondo, haina upande wa nguvu na upande wa unyonge. Ukiigonga inatoa mlio mfu. Msumeno unaipita kama mkate. Kwa boksi la kukaa sebuleni ni ubao mzuri sana, na spika nyingi za bei mbaya mnazoziona zimepakwa rangi ya kung'aa ndani ni MDF.

Adui wake ni maji. Mwagia ndoo ya kudekia karibu na boksi la MDF lisilopakwa rangi chini, urudi kesho: ukingo umevimba kama andazi, na hausinyai tena. Skrubu ukiifungua na kuifunga mara tatu, tundu limekuwa unga. Na mchwa nao hawaidharau.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa, kila tabaka mkondo wake ukikatiza wa mwenzake. Ni nyepesi kuliko MDF lakini ni kakamavu zaidi, inashika skrubu, na inavumilia kupakiwa kwenye kirikuu na kushushwa na vijana wenye haraka. Ndiyo sababu maboksi ya jukwaani hutengenezwa kwa plaiwudi, nzuri kabisa ikiwa ya mti wa birch wa nchi za baridi. Mlio wake ni wa juu kidogo na hai zaidi, kwa hiyo inahitaji kutulizwa. Tutafika huko. Chipubodi ni chenga za mbao na gundi; inanyamaza vizuri, ila ikilowa usiniite.

Mbao za kupasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo, mninga ukiwamo, zina tatizo la kuishi. Mti uliokatwa bado unapumua. Unakunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa kiangazi, na unavimba na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mninga nauheshimu hapa, kwani ni mmoja wa miti inayotembea kidogo sana. Msonobari uliopasuliwa juzi ni habari nyingine. Boksi langu la pili maishani nililitengeneza kwa msonobari. Mashamba yake hatuyafuati mbali, kuna Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Sikuuliza kama mbao zimekauka. Niliunga mwezi wa Aprili mvua ikinyesha, likapiga vizuri, nikatamba. Julai likaanza kufanya "fyuu" kwenye kona kila dramu ya mguu ilipopigwa. Fundi mmoja wa Igoma aliwasha mshumaa akaupitisha taratibu kwenye maungio. Kwenye kona ya chini kulia moto ukalala. Ukasimama, ukalala, ukasimama, ukifuata wimbo. Pengo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba kucha haiingii, lakini hewa ilikuwa imeshaliona.

Unene nao una mambo yake. Watu hudhani ubao wa milimita 18 ni mgumu mara moja na nusu kuliko wa milimita 12. Sivyo. Ugumu wa kupinda hukua kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, hivyo milimita 18 inakuwa ngumu zaidi ya mara 3 ya milimita 12. Ndiyo maana boksi la plaiwudi ya kawaida ya milimita 18 hulishinda kirahisi boksi la mninga wa milimita 12 uliorandwa ukang'aa. Unene huliamua hilo kabla hata hujauliza jina la mti.

Na kinachouzidi unene kwa urahisi wa bei kinajulikana na kila mtu aliyewahi kusimama mwaloni akiangalia mitumbwi ikiundwa: mataruma, yaani zile mbavu za ndani. Fundi wa mtumbwi hatafuti mbao nene kama mlango ili ubavu usipinde. Anaweka mataruma kwa ndani, mbao nyembamba inakuwa ngumu. Boksi la spika ni hivyohivyo. Ubao mmoja wa kukatiza ndani, ukiunganisha ubavu wa kushoto na wa kulia, unazigawa kuta zile vipande viwili vidogo, na kipande kidogo mlio wake hupanda juu na kupungua nguvu. Nimewahi kuongeza taruma moja la vipande vya kutupwa kwenye boksi lililokuwa likivuma, na mwenye boksi akaniuliza nimebadilisha spika gani.

Upande wa kunyamazisha, hadithi ninayoipenda ni ya BBC, hawahawa wanaotuletea Dira ya Dunia. Miaka ya 1970 wahandisi wao walihitaji spika ndogo za kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, mahali ambapo mtu anatakiwa ajue kama sauti ya mtangazaji ni ya kweli. Spika iliyotoka, LS3/5A, haikuwa na kuta nene. Ilikuwa na plaiwudi ya birch ya milimita 12, ikabandikwa bamba za lami kwa ndani. Mwaka 1977 wahandisi hao walichapisha ripoti ya utafiti kuhusu maboksi, na mkazo wake ulikuwa kwamba ukuta mwembamba uliotulizwa sawasawa unaweza kuushinda ukuta mnene ulioachwa mtupu. Ule mnene, walieleza, hupeleka mlio kwenye eneo ambalo sikio letu ni jepesi zaidi. Sisi tusiokuwa na bamba za lami tunapambana na mataruma, na kwa ndani tunaweka sufi. Ndiyo, ileile ya mito. Sufi haiusaidii ukuta, lakini inazimeza sauti za kati zinazogongana ndani ya boksi na kurudi kutokea kwenye koni zikiwa zimechelewa.

Baada ya kuyasema yote haya, mtu mmoja pale kikaoni aliuliza swali zuri: kama mti ni wa kunyamaza, mbona ngoma na magitaa huchaguliwa mti?

Hapa ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Ngoma na gitaa kazi yake ni kutengeneza sauti. Spika kazi yake ni kuirudisha sauti iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Nenda makumbusho ya Bujora ukaangalie ngoma za watemi wa Kisukuma: gogo moja limechongwa ndani, ngozi ya ng'ombe imewambwa. Umbo la gogo na ngozi ile ndiyo sauti yenyewe. Uso wa gitaa la kawaida ni ubao wa milimita 3 hivi, mwembamba kwa makusudi ili utetemeke. Mpingo wetu wa kusini, mzito hadi unazama majini, unakwenda Ulaya kuchongwa klarineti. Hivi ni vinywa. Spika ni mfasiri, na mfasiri anayeongeza maneno yake katikati tunamfukuza.

Kuna mahali mpaka huu unavukwa, na ni haki kuutaja. Maboksi ya amplifaya za gitaa za Fender za miaka ya 1950 yalikuwa ya msonobari, nao hutetemeka, na wapiga gitaa hadi leo wanautafuta mtetemo huo. Hawajakosea. Kwao boksi ni sehemu ya gitaa. Mlio wake ni sehemu ya nota. Lakini pitisha kwenye boksi hilo kwaya nzima pamoja na mahubiri, na kila mtu atafanana sauti.

Hadithi ya redio ya babu nayo haina budi kuguswa, maana haikosi kwenye mazungumzo haya. "Redio za zamani zilikuwa za mbao ngumu, ndiyo maana sauti ilikuwa nzito." Niliwahi kufungua moja. Kwa nje sura ya mti wa thamani, kwa ndani plaiwudi nyembamba iliyovishwa vinia, yaani ganda la mti lisilozidi unene wa kadi. Sauti ile tuliyoipenda ilitoka kwenye boksi kubwa, spika pana ya karatasi, mgongo uliokuwa wazi, na pengine kwenye mikono ya babu iliyotukataza kugusa. Sabufa ya dukani ni mjukuu wake: chipubodi au MDF nyembamba, juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Si dhambi. Usilipie mninga tu. Plastiki nayo inaonewa, kwani plastiki nene yenye mbavu kwa ndani hupiga vizuri, na spika nyingi za jukwaani siku hizi ni za hiyo. Kuhusu vitufe vya kuongezea sauti vya mbao vinavyosemwa husafisha muziki, kitufe ni cha kushika.

Halafu kuna besi, ambayo ndiyo hasa watu wanaitaka wanapotaja mbao. Besi inaletwa na spika yenyewe pamoja na ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya boksi, na kama boksi lina tundu la kupumulia, basi na bomba la tundu hilo. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda tupu, inavuma. Ijaze nusu, inavuma juu zaidi. Chupa ni ileile, nafasi ndiyo imepungua. Bomba la boksi linafanya hivyohivyo. Hesabu yake ilinyooshwa na Thiele, mhandisi wa Australia, mwaka 1961, na mwenzake Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970. Kwa hesabu hiyo kila spika ina vipimo vinavyokuambia inataka lita ngapi. Boksi langu la kwanza sikupima kitu, nilikata kwa kufuata upana wa ubao nilioukuta. Lilikuwa na besi, ila nota moja tu. Kila wimbo ulipoifikia nota hiyo, jirani alijua.

Kikao cha pili tulikubaliana plaiwudi ya milimita 18, mataruma mawili kila boksi, lita kulingana na vipimo vya spika, sufi kwa ndani, na kwa nje vinia ya mninga iliyopakwa vanishi, kwa heshima ya mzee na kwa sababu inapendeza kweli. Siku ya kuyachukua kwa fundi, mzee alikuja. Alikunja kidole akagonga ubavu. "Pu." Akagonga tena, akaweka sikio.

"Hili limekufa," akasema.

Fundi akamwambia, "Shikamoo mzee, ndivyo tulivyolitaka."

Jumapili ya kwanza yalipiga vizuri, isipokuwa kila besi ilipoteremka kulisikika "zzzrr" upande wa kushoto. Vijana wakaanza kunitazama. Nililigusa boksi, limetulia. Nikalizunguka, nikapapasa nyuma, hamna kitu. Mzee ndiye aliyenyanyuka kwenye benchi lake, akaenda dirishani, akaweka kidole juu ya kioo kimoja cha luva. Kelele ikakata. Akatoa kidole, ikarudi. Akakirudisha, akabaki amesimama pale na kidole chake kwenye kioo mpaka wimbo ukaisha.